Mzigo na Alama Yake

Hapana programu ya kompyuta iliyozaliwa peke yake. Mwenye kuandika mistari mia huamini kwamba kazi ile ni yake mwenyewe, na kwa upande mmoja imani hiyo ni ya haki; lakini mistari yake haina nguvu mpaka programu nyingine ziitikie wito wake, nazo zimeandikwa na watu asiowajua, katika nchi asizozifika, kwa nia ambazo hakuziuliza. Moja husoma faili, nyingine hukata sentensi kuwa maneno, ya tatu hupanga jedwali, na kila moja katika hizo inazo za kwake za kuegemea. Wenye kazi hii huziita vifurushi, na kile ambacho kifurushi hukiegemea huitwa tegemeo lake. Mtu akioa kifurushi kimoja ameoa ukoo mzima, wajomba na mashangazi pamoja, na aghalabu hajui idadi yao mpaka siku mmoja wao augue.

Mwaka 2019 mwalimu mmoja wa lugha alimaliza tasnifu yake juu ya msamiati wa magazeti ya zamani ya Kiswahili. Alikuwa ameandika programu fupi kwa lugha ya Python, akaipa maandishi ya magazeti, nayo ikahesabu kila neno limetokea mara ngapi. Jedwali la hesabu hizo lilichapwa katika sura ya nne, na hoja zote za sura ya tano zilisimama juu yake. Miaka mitano baadaye alimpa mwanafunzi wake programu ile na maandishi yaleyale, ili aiendeleze kazi kwa magazeti mengine. Akamwagiza kwanza alirudie jedwali la zamani, kama muuza nafaka ajaribuvyo mizani yake kabla ya kufungua duka. Mwanafunzi alirudi baada ya siku mbili, akasimama mlangoni.

“Shikamoo, Mwalimu. Hesabu zangu na zako hazipatani.”

“Marahaba. Umetumia programu ileile?”

“Ileile, Mwalimu. Sikugusa hata nukta.”

Naye alisema kweli. Walakini katika jedwali lake jipya lilikuwamo neno “ombe”, ambalo hapana Mswahili aliyepata kulitamka, na neno “ambo” likisimama peke yake bila ya ng'ambo yake. Ubaya zaidi ulikuwa katika kitenzi “oa”, ambacho kilikuwa kimeongezeka kwa namna ya kutia shaka. Magazeti yalipoandika habari za kung'oa visiki, programu ilisoma habari za ndoa. Sababu ilipatikana jioni ile. Kifurushi cha kukata maneno kilikuwa kimetoa toleo jipya, na toleo hilo liliihesabu alama ya ritifaa kuwa ni mwisho wa neno. Kwa lugha nyingi za Ulaya hasara ya jambo hili ni ndogo. Kwa lugha yenye ng'ombe, ng'ambo na kung'ara ni msiba. Tasnifu ilikuwa imetaja majina ya vifurushi vyote vilivyotumika, kwa uaminifu kabisa, ila haikutaja matoleo yao; na programu ya kusakinisha, ikiitwa kwa jina tupu, ilileta toleo la karibuni kuliko yote, kama ifanyavyo siku zote.

Basi neno “ileile” lilikuwa kweli katika kinywa cha mwanafunzi na uongo katika kompyuta yake. Mistari iliyoandikwa na mwalimu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni umati wa programu uliosimama nyuma ya mistari hiyo, ambao haukuandikwa mahali popote.

Jambo hili limewashughulisha watu wengine kabla ya hao wawili. Mwaka 2003 Eelco Dolstra wa chuo kikuu cha Utrecht, Uholanzi, alianza mfumo uitwao Nix, na mwaka 2006 akaueleza kwa ukamilifu katika tasnifu yake ya udaktari. Mwaka 2012 Ludovic Courtès alitangaza mfumo wa Guix, katika mradi wa GNU, uliojengwa juu ya fikra hiyohiyo. Fikra yenyewe ni nyepesi kusema na ngumu kutimiza. Kujenga programu kufanywe kama hesabu: vilivyoingia vikiwa vilevile, kitakachotoka kiwe kilekile, leo au baada ya miaka kumi, Dodoma au Toronto. Kwa ajili hiyo kila kifurushi huandikiwa hati ya ujenzi, nayo hutaja mahali msimbo wake wa asili ulipotoka, alama ya utambulisho wa msimbo huo, mategemeo yake yote, na hatua za kukijenga. Ujenzi hufanyika katika chumba kilichofungwa. Humo hamna intaneti, hamna mafaili ya mwenye nyumba, hamna programu yoyote isiyotajwa katika hati. Na kazi ikiisha, tarehe za mafaili yote husawazishwa ziwe za mwanzo wa mwaka 1970. Matokeo huwekwa ghalani katika folda ambayo jina lake hutanguliwa na herufi na tarakimu 32 zilizokokotolewa kutokana na vyote vilivyoingia. Ukibadili amri moja katika ujenzi wa tegemeo la tegemeo la tegemeo, jina la kilichojengwa juu yake hubadilika pia.

Hata hivyo zipo programu zenye ukaidi. Nyingine huandika ndani ya tumbo lake saa ya kujengwa kwake, nyingine hufuata mpango wa mafaili kama diski ilivyoyatoa, na mpango huo si mmoja kwa kila kompyuta. Wasambazaji wa Debian walianza mwaka 2013 kuyawinda makosa ya namna hiyo, kifurushi baada ya kifurushi, na uwindaji haujaisha.

Mwanafunzi akachagua Guix. Siku ya kwanza alikutana na pengo. Guix ina makumi ya maelfu ya vifurushi vilivyoandikiwa hati na kukaguliwa na watu. Ghala la vifurushi vya Python lina zaidi ya nusu milioni. Kile alichokihitaji, yaani kile cha kukata maneno, kwa toleo la mwaka 2019, hakikuwamo. Hapo ndipo chombo cha uagizaji kinapoingia. Mtu hukipa jina la kifurushi na namba ya toleo; chombo huenda katika ghala la Python, husoma maelezo ya kifurushi, hulichukua furushi na kulikokotolea alama, kisha hurudi na hati ya ujenzi iliyokwisha kuandikwa. Akitaka, hukiamuru kifuate ukoo, nacho huagiza kila tegemeo lisilokuwamo ghalani, na mategemeo ya tegemeo hilo, mpaka mwisho wa tawi. Mwanafunzi aliomba kimoja, akaletewa hati zaidi ya ishirini katika muda wa kunywa chai.

Chombo hiki hufanya kazi ya karani wa bandarini. Karani husoma karatasi zilizobandikwa juu ya sanduku, huandika jina la mwenye mali, namba, uzito na mahali lilipotoka, hugonga muhuri, na sanduku hupita. Hasemi uongo. Ila hakulifungua sanduku, wala hakuagizwa kulifungua. Wenye Guix wenyewe hawafichi jambo hili. Husema kwamba hati iletwayo na chombo ni ya kuanzia tu, na mtu hana budi kuikamilisha.

Kazi ya kuikamilisha ndiyo iliyompotezea mwanafunzi majuma matatu. Kifurushi kimoja kilisema katika karatasi zake kwamba leseni yake ni ya namna moja, na ndani ya mafaili iliandikwa namna nyingine. Cha pili kilikuwa na majaribio, lakini mwenye kukifunga alikuwa ameyaacha nje ya furushi, hata ujenzi ukasema kwamba umefaulu majaribio yote, kwa kuwa hayakuwapo. Cha tatu kilihitaji maktaba iliyoandikwa kwa lugha ya C, na karatasi za Python aghalabu hazitaji kitu kisichokuwa cha Python; kikajengwa vizuri katika kompyuta ya mwanafunzi, ambayo ilikuwa na maktaba ile kwa bahati, kikakataa katika chumba kilichofungwa. Hapa chumba kilikuwa mwalimu mkali, lakini wa kweli. Yako pia maelezo. Kila mwandishi wa kifurushi hukisifu kifurushi chake, nacho chombo huzileta sifa hizo kama zilivyo: chepesi, cha kisasa, chenye kasi kupita vyote. Kanuni za Guix hukataza lugha ya sokoni, kwa hiyo mwanafunzi aliketi akipunguza sifa za watu asiowajua, kazi ambayo ingewafaa pia wahariri wengi wa dibaji.

Tegemeo moja lilimchekesha. Lilikuwa limeitwa na tegemeo jingine kwa ajili ya kutia rangi majibu ya majaribio, kijani kwa kufaulu na nyekundu kwa kushindwa, basi. Kwa ajili ya rangi mbili zile vilitakiwa vifurushi vinne. Akalikata, na hapana kilichoharibika.

Kifurushi cha kuchora michoro hakikumchekesha. Ndani yake palikuwa na faili la JavaScript lililosagwa, yaani msimbo ulioondolewa nafasi na majina yake kufupishwa kuwa herufi mojamoja, hata binadamu hawezi kuusoma. Guix hutaka msimbo wa asili, si unga wake. Ili kuupata ule wa asili na kuusaga upya, ilimpasa aingie katika ghala la npm, ambalo lina vifurushi zaidi ya milioni mbili, na ambamo desturi ni kugawa kazi vipande vidogo mno. Udogo wa vipande hivyo ulipata kujulikana dunia nzima tarehe 22 Machi 2016. Siku hiyo mwandishi mmoja, baada ya ugomvi juu ya jina la kifurushi chake kingine, aliondoa katika ghala vifurushi vyake vyote, na kimojawapo kiliitwa left-pad. Kilikuwa na mistari 11. Kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa neno mpaka neno lifikie urefu utakiwao. Miradi mingi mikubwa, ambayo wenyewe hawakupata kulisikia jina hilo, ilishindwa kujengwa kwa muda wa saa chache, mpaka wenye ghala walipokirudisha.

Mwanafunzi alitembea katika ghala lile kwa siku nne. Chombo cha kusaga kilihitaji vyombo vya kukijenga, navyo vilihitaji vyombo, na katika tawi moja alikuta chombo ambacho hujengwa kwa kutumia toleo lake lenyewe la nyuma, kama kuku na yai. Guix inacho chombo cha kuagiza kutoka npm, lakini huleta vifurushi kama vilivyokwisha kusagwa, na jina lake lenyewe laungama hivyo. Siku ya tano alirudi kwa mwalimu akauliza kama michoro ilikuwa ya lazima. Mwalimu alifikiri, akasema jedwali lilichapwa kwa tarakimu tupu, na michoro aliiongeza kwa kuwaridhisha watahini. Kifurushi cha michoro kikaondolewa katika orodha. Yaonekana mategemeo mengi yangeweza kwisha kwa swali la namna hiyo, kama lingeulizwa mapema.

Iko hatari nyingine, nayo ni ya mtu kuiona alama ya utambulisho akadhani ameona ukaguzi. Alama hiyo, katika hati za Guix, ni mfuatano wa herufi na tarakimu 52. Hukokotolewa kutokana na kila baiti ya furushi. Ikibadilika baiti moja, mfuatano wote hubadilika, na chumba hukataa kujenga. Ni ulinzi mkubwa. Furushi haliwezi kubadilishwa njiani, wala mwenye ghala hawezi kuweka kingine mahali pa kile cha jana bila ya kujulikana. Lakini alama husema tu kwamba kilichofika ndicho kilichoandikwa. Kama kilichoandikwa kilikuwa na sumu, alama hulinda sumu kwa uaminifu uleule inaolindia asali.

Mfano wake ulitokea mwaka 2024. Xz ni programu ya kubana mafaili, ya zamani, ya heshima, iliyoangaliwa kwa miaka mingi na mtu mmoja kwa wakati wake wa ziada. Mtu mwingine, aliyejiita Jia Tan, alimsaidia kwa upole na kwa kazi nzuri, mpaka akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 yalibeba mlango wa siri. Sumu ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, na maandishi ya kuiamsha yaliwekwa katika furushi la toleo tu. Katika historia ya msimbo, ambayo kila mtu huweza kuisoma, hayakuwamo. Shabaha ilikuwa programu itumiwayo kuingia katika kompyuta za mbali. Programu hiyo haikuihitaji xz hata kidogo. Lakini baadhi ya wasambazaji wa Linux walikuwa wameiunganisha na maktaba ya systemd, na maktaba hiyo iliegemea ile ya xz. Ulikuwa ujomba wa mbali, nao ulitosha. Mnamo mwezi wa Machi mhandisi Andres Freund, aliyekuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kumechelewa kwa kadiri ya nusu sekunde. Hakupuuza, akafuatilia, na tarehe 29 akatangaza aliyoyaona. Makarani wote waliokuwa wameandika alama za mafurushi yale walikuwa wameandika alama sahihi.

Maswali ya namna hii yana kina kirefu. Ken Thompson, mmoja wa waliounda Unix, alionyesha katika hotuba iliyochapishwa mwaka 1984 kwamba kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa kitu ambacho mashine huweza kukitenda, huweza kubeba hila ambayo haionekani katika msimbo wake wa asili, ikairithisha kwa kila kompaila itakayozaliwa nayo. Kwa hiyo kusoma msimbo peke yake hakutoshi. Yafaa kujua pia ulijengwa na nini, na hicho kilijengwa na nini. Mwaka 2023 watu wa Guix walitangaza kwamba wamefika karibu na mzizi: ukoo wote wa vifurushi vyao waanza kujengwa kutoka mbegu ya baiti 357, ndogo hata mtu mwenye subira aweza kuisoma yote, ingawa programu inayosimamia ujenzi huo yenyewe bado huletwa ikiwa tayari. Baiti 357 ni pungufu ya herufi za aya hii.

Mwanafunzi hakuwa na haja ya kufika mzizini. Alichohitaji ni matoleo ya mwaka 2019, na orodha yake ilipatikana katika kompyuta ya zamani ya mwalimu, ambayo betri yake ilikuwa imekufa na diski yake haijafa. Furushi moja halikuwapo tena mahali lilipotolewa; likapatikana kwa Software Heritage, hazina ya msimbo wa dunia iliyofunguliwa mwaka 2016, ambayo Guix hubisha hodi kwake pale mlango wa kwanza ukifungwa. Hati zikakamilika. Akajenga mara mbili katika kompyuta mbili, na zote zikatoa kitu kimoja, baiti kwa baiti. Kisha akazipa maandishi ya magazeti.

Jedwali lilitoka. Mwalimu alilishika mkononi, akafungua tasnifu katika sura ya nne, wakasoma mstari kwa mstari, huyu akitaja na yule akiitikia. Kila tarakimu ilikuwa mahali pake. “Ombe” alikuwa ametoweka, ng'ombe amerudi mzima, na ndoa za magazetini zimepungua.

Ilikuwa saa ya furaha, na ingekuwa ya furaha mpaka mwisho lau mwanafunzi asingekuwa amezoea, katika majuma yale, kufungua masanduku. Usiku ule alisoma msimbo wa kifurushi kile cha mwaka 2019, mistari yake yote, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na yeye wala mwalimu wake. Akaona kwamba kilijua ritifaa iliyonyooka tu. Kilipokutana na iliyopinda, ambayo magazeti mengine yaliitumia, hakikulikata neno. Kililiruka zima, kimya kimya, wala hakikuliweka katika hesabu. Asubuhi alikwenda kwa mwalimu na karatasi mbili.

“Mwalimu, jedwali letu ni lilelile kabisa,” alisema, “na limepungukiwa ng'ombe.”

Mwalimu alizitazama karatasi kwa muda mrefu. Ng'ambo pia ilikuwa imepungua, na aya moja ya sura ya tano ilikuwa imesema maneno ya uhakika juu ya uchache wa neno hilo katika magazeti fulani, na sababu zake za kihistoria.

“Hati za lile la zamani ziache kama zilivyo,” alisema hatimaye, “na alama zake zote, mtu apate kuona tulichokitumia. Kisha andika nyingine, ya kifurushi kilichosahihishwa, tuziweke pamoja. Mistari ya kurekebisha ni mingapi?”

“Miwili, Mwalimu.”

Mwalimu akatoa kalamu ya risasi, akafungua sura ya tano, akatafuta ile aya ya ng'ambo.